Kabureta Pacha Haziuzwi Moja Moja

Mliokuwepo Jumamosi kwenye mnada wa spea za Datsun na Peugeot hapa Nairobi mliona nilichokiona. Marehemu mwenye mali alikusanya vyuma vile umri wake wote, na loti mbili zikatosha kuutia doa mnada mzima. Kuzitenga kabureta mbili za Datsun 240Z lilikuwa kosa la wazi, wala tusilisingizie bahati mbaya: mtu alikaa, akaamua, akaandika kwenye orodha.

Mengine yalikwenda vizuri. Giaboksi za Peugeot 504 zilifunguliwa vifuniko watu wakague meno, na milango ya 404 ilipangwa kushoto na kulia. Hongera.

Sasa kabureta. L24, injini ya 240Z, ni ya silinda sita za mstari, ujazo wa sisi 2,393, na inalishwa na kabureta mbili za Hitachi za muundo wa SU: ya mbele silinda tatu, ya nyuma tatu. Ukizitazama juu juu utadhani ni moja iliyorudiwa. Bakuli la petroli la mbele halikai nyuma, na vyuma vinavyoziunganisha na akselereta havibadilishani. Fundi huzisawazisha kwa mpira mwembamba: ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni. Anasikiliza mvumo wa hewa, anahamia ya pili, anageuza skrubu kidogo kidogo mpaka mivumo ilingane. Hizi zilikuwa za toleo la mwanzo, zenye skrubu nne kwenye kifuniko. Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, aliinua pistoni ya kabureta moja kwa kidole akaiachia. Ikashuka taratibu, ikatua kwa mlio mkavu. Akaijaribu na ya pili, mlio uleule. Nzima zote mbili.

"Bwana mnadi, hizo ziunganishe," mzee akasema.

Jibu alilopewa ni kwamba loti mbili huleta wanunuzi wawili.

Haya, tufuate hesabu hiyo. Ya mbele iligombewa kwelikweli kwa sababu kila aliyenyoosha mkono alijiona tayari anayo na ya nyuma. Ikaenda kwa kijana mwenye 240Z gerejini. Ilipoinuliwa ya nyuma, ukumbi mzima ulijua ni nani anayeihitaji. Dalali mmoja, asiye na Datsun wala nia ya kuwa nayo, akampandishia bei mpaka kijana akanyamaza. Siku atakapomuuzia kwa bei apendayo, faida itaingia mfukoni mwa dalali; familia ya marehemu haitaona hata senti. Na yule bwana aliyetoka Mombasa kwa ajili ya jozi? Hakunyoosha mkono hata mara moja. Manifoldi na bomba linalounganisha pande mbili zilitupwa kwenye kreti ya makorokoro, chini ya wipa za Beetle.

Kama shaka ilikuwepo, njia ya kuiondoa ni ya zamani na haina gharama. Unanadi ya kwanza bila kugonga nyundo, unanadi ya pili vilevile, kisha unanadi jozi. Penye jumla kubwa ndipo nyundo inapogonga. Dakika tano tu.

Nimeshalisema hili hapa na mtanisamehe nikilirudia: minada yetu ya spea iko mikononi mwa watu waliozoea kunadi viwanja na mabasi. Ndio haohao wanaopuliza rangi ya fedha kwenye kila kipande cha alumini, wakifunika namba tunazozitafuta. Joginder Singh, Simba wa Kenya, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, waliyoiandaa kwa mikono yao. Mtu wa namna ile angeikagua orodha hii na kuirudisha kwa kalamu nyekundu. Hata hiyo 240Z haikupata jina kwa matangazo: dereva Herrmann alishinda nayo Safari mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akaipa ushindi wa pili baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Ndiyo maana watu bado wanasafiri kutafuta vyuma vyake.

Awamu ya pili ya mnada bado, na kwenye orodha kuna pampu ya Kugelfischer ya 504 TI. Nimeona imeandikwa peke yake, injekta na mabomba yake yakiwa loti nyingine kurasa mbili mbele. Familia, tafadhali, mwiteni mnadi kabla ya siku yenyewe. Pampu, injekta na mabomba viwe loti moja.