Bibi Aliisoma Kutoka Kulia

Bango la kwanza la filamu yangu fupi ya chuo kikuu lilikuwa na jina la Kiingereza, lenye mnong'ono na mawe ndani yake. Herufi za Kirumi nilizipinda na kuzitia vidoto zifanane na za Kiarabu. Nikampelekea bibi, Mkunazini, maana filamu ni ya chumba chake. Bibi hakwenda skuli. Alisoma chuoni, na Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu mpaka leo. Akavaa miwani, akaanza kutoka kulia. Akarudia.

"Mjukuu wangu, hiki Kiarabu cha wapi?"

Herufi zile nilizitoa madukani. Pita Shangani au mtaa wa Gizenga uone vibao vya mikahawa na ziara za viungo: mikia ileile, vidoto vilevile. Ni maandishi ya kumwambia mgeni kwamba amefika pahala pa kale. Aliyezaliwa hapo hayamwambii kitu, na anayejua Kiarabu yanamkwaza.

Nikarudi kwenye Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ng'ambo ilipewa na jina la Kiingereza, lakini tafsiri ile inataja mchezo wa kamba tu. Jina la Kiswahili lina watu wawili, wewe unavuta nami nikuvute, na hakuna aliyeachia. Na ile ritifaa! Imekaa pahala pa i iliyomezwa, kwa hiyo jina linasomeka kama linavyotoka kinywani. Alama moja ndogo imeniweka Unguja kuliko mikia yangu yote.

Kanga nayo ilinifunza, na nilikuwa nayo nyumbani siku zote (msomi wa shahada ya uzamili!). Maandishi yake tunayaita jina. Yapo chini ya mji, herufi kubwa, wazi, bila madoido, kwa sababu yametungwa yasomwe na jirani aliyekusudiwa. Madoido yamewachiwa pindo. Na kabla ya herufi za Kirumi, majina ya kanga yaliandikwa kwa za Kiarabu.

Filamu sasa inaitwa Chumba cha Uani. Mstari wa juu ni herufi kubwa kama za kanga. Wa chini nimemwomba bibi aandike kwa mkono wake. Kiarabu hakina ch, naye akatumia shini kama alivyofunzwa, hata mwenzangu mmoja akasoma "shumba sha uani" akacheka. Mhariri wetu anataka kuunyoosha mstari ule kwa kompyuta, kwani mkono wa bibi umetetema kwenye mimu. Nimemkatalia. Tumebishana wiki nzima, na jumamosi bibi anakuja kuangalia.