Etiketi ya chumvi inabaki kwa gunia

Wasomi wenzangu, kuko somo moja linasifiwa sana siku hizi: kufundisha watoto kusoma etiketi za vyakula na kuzilinganisha. Nalikubali. Ila karatasi za mazoezi nilizoziona hapa Baraka zilinichekesha. Zimechorwa masanduku mawili ya nafaka za asubuhi, mtoto achague lenye sukari kidogo. Nani Fizi ananunua lile sanduku?

Njia yenyewe ni nzuri, sina neno. Linganisha kwa gramu 100, maana kile kipimo cha mlo kiwanda kinajichagulia chenyewe. Angalia kiungo kinachotajwa kwanza, ndicho kizito kuliko vingine. Hata biskuti na jusi ya unga za butike zetu mtoto anaweza kuzipima hivyo.

Kasoro iko kwa chakula walichochagua. Ningepewa etiketi moja tu ya kufundisha, ningechukua ya chumvi. Sisi ni watu wa muhogo. Muhogo mchungu usiporowekwa vizuri unabakiza sayanidi, na mwili ukishaibadilisha inazuia tezi ya shingo kuchukua iodini. Kama iodini yenyewe ni kidogo, goita inakuja, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Si hadithi za mbali: kisiwani Idjwi, hapa hapa Kivu ya Kusini, watafiti walichunguza goita tangu miaka ya 1960, na muhogo ulitajwa.

OMS inasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji mikrogramu 120 za iodini kwa siku. Chumvi ikiwa na miligramu 30 kwa kilo, gramu 4 zinafikisha. Hesabu hiyo darasa la 6 wanaiweza kabisa, tena inawahusu kuliko sukari ya lile sanduku.

Lakini etiketi yenyewe iko wapi? Chumvi tumeizoea tangu zamani. Ile ya Uvinza ilikuwa inauzwa kandokando ya Tanganyika kabla ya wakoloni. Leo muuzaji anafungua gunia, anapima kwa kikopo, anatia ndani ya kasashe kasichoandikwa kitu. Maneno yote yanabaki kwa gunia. Mtoto aliyefundishwa kusoma anafika sokoni hana cha kusoma, na karatasi za mazoezi hazisemi lolote juu ya hilo.

Basi zoezi lianzie pale. Watoto watumwe kwa wauzaji watatu, kila mmoja aseme: «Mama, naomba nione gunia.» Waandike kama iodini imetajwa, ni kiasi gani, chumvi imetoka wapi, na kama gunia linakaa wazi kwenye jua na unyevu, maana hapo iodini inapotea. Kuna muuzaji atakasirika, najua. Na mwingine gunia lake litakuwa limeshajazwa makaa.