Nukta Juu ya Tisini

Saa ya Omega Speedmaster ya miaka ya 1960 imezungushiwa pete nyeusi ya alumini iliyochapwa tarakimu za kupimia mwendokasi, kuanzia 500 kushuka hadi 60. Kila tarakimu ina nukta yake. Kwenye pete za zamani, nukta ya 90 imekaa juu ya tarakimu yenyewe. Kwenye zilizofuata, tangu mwaka 1970 hivi, nukta hiyo imesogea ikakaa ubavuni. Ni tofauti ndogo mno, na asiyeonyeshwa anaweza kuivaa saa hiyo maisha yake yote bila kuiona. Lakini pete ya zamani peke yake, bila saa, huuzwa kwa pesa inayotosha kununua pikipiki mpya.

Bei hiyo ndiyo inayoiharibia nukta sifa ya ushahidi. Pete inabanduka kwa ncha ya kisu, na kitu kinachobanduka kirahisi na kuuzwa ghali hakikosi kubandikwa pasipo pake. Mnunuzi mgeni akishajifunza habari ya nukta, huiona, hufurahi, hutoa pesa. Mzoefu naye huiona, akaichukua kama neno la shahidi mmoja, kisha akageukia mashahidi wengine. Ustadi ninaousifu hapa ni huo wa kutotosheka na shahidi mmoja, hata akiwa msema kweli.

Tuchukue toleo la 105.012, la katikati ya miaka ya 1960, ambalo Buzz Aldrin alilivaa alipotembea juu ya Mwezi Julai 1969. (Neil Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo kwa sababu saa ya chomboni ilikuwa imeharibika. Ile ya Aldrin baadaye ilipotea ikipelekwa jumba la makumbusho la Smithsonian, na hadi leo haijaonekana.) Mzoefu akipewa saa ya toleo hili haanzi na uso wake. Anaigeuza na kuomba ifunguliwe. Ndani ya mfuniko wa nyuma kumechongwa namba ya toleo na tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 105.012-64, -65 au -66. Mashine nayo, kaliba 321 yenye rangi nyekundu ya shaba, ina namba yake ya mamilioni. Namba hizo zilipanda kadiri miaka ilivyosonga, kwa hiyo mfuniko na mashine lazima vikubaliane. Mfuniko wa -66 ukiwa umefunika mashine iliyotoka kiwandani miaka mitatu kabla, kuna mahali saa mbili zimegeuzwa kuwa moja.

Ndipo anapoigeuza tena na kuutazama uso kwa lenzi. Hapa ndipo thamani kubwa ilipo, na hapa ndipo atakaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Uso wa kiwandani una maandishi membamba yenye kingo kali. Uliopakwa rangi upya huwa na herufi nene kidogo, wino umetambaa, na mistari ya dakika haina urefu sawa. Vile visahani vitatu vidogo vimechongwa miduara myembamba sana, mmoja ndani ya mwingine, na rangi mpya huijaza mifereji hiyo ikawa kama imefutwa. Nembo ya Omega ni kipande cha chuma kilichopachikwa, sio wino. Chini kabisa, kwa saa ya 1966, pameandikwa SWISS MADE katikati ya herufi mbili za T, ambazo zinataja tritiamu, rangi iliyokuwa ikiwafanya wavaaji waone saa gizani.

Tritiamu ni shahidi mzuri kwa sababu hajui kusema uongo kuhusu umri wake. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Saa ya 1966, basi, haipaswi kung'aa usiku. Ukiimulika kwa taa ya urujuanimno itawaka kidogo, na ukizima taa mwanga unakufa mara moja. Ikiendelea kung'aa kwa dakika kadhaa, rangi hiyo ni ya kisasa, hata kama imechanganywa na hudhurungi ili ionekane ya kale. Saa za kabla ya tritiamu zilipakwa radiamu, ambayo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu: gizani haziwaki tena kwa sababu kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechoka, lakini kipimo cha mionzi bado kinazipigia kelele. Vumbi la radiamu ni hatari, wala si la kukwanguliwa nyumbani mezani. Rangi ya mishale nayo hulinganishwa na ya uso. Zikipishana kidogo si kosa, maana zilipakwa mahali tofauti, lakini uso wa rangi ya samli wenye mishale myeupe kama karatasi ni jambo la kuulizia.

Mara nyingi jibu la swali hilo si la aibu. Mtu alinunua saa hii akiwa kijana, akaivaa kazini, na mwaka 1985 akaipeleka kwa wakala kufanyiwa sevisi. Wakala akatoa mishale iliyofifia, akaweka mipya kutoka kiwandani, pengine na uso mpya kabisa, na mwenye saa akashukuru. Spea hizo ni halali, zimetoka Omega, ila saa haikuzaliwa nazo. Wakusanyaji wa leo wanazikata bei bila huruma, na mimi naona wamezidi. Saa yenye mishale ya sevisi, na muuzaji akalisema hilo kwanza kabla hajaulizwa, naiamini kuliko ile inayodaiwa kuwa kamili kila mahali.

Kasha lina lugha yake. Toleo la 105.012 ndilo lililoleta pembe zilizopinda, zenye uso wa juu unaong'aa na ubavu uliokwaruzwa kwa mistari membamba, na baina yake mstari mkali ulionyooka kama umekatwa kwa wembe. Kila fundi aliyeing'arisha saa kwa nia njema alikula kidogo ya mstari huo. Baada ya mara tatu nne, pembe zinakuwa duara na mashimo ya pini za mkanda yanakaribia ukingo. Mjuzi anajua zaidi: kasha za -66 zilitoka kwa watengenezaji wawili, Huguenin Frères na Centrale Boîtes, na za huyu wa pili zina mkato wa ziada kwenye pembe. Kasha la aina hiyo lililopigwa msasa hupoteza mkato wake, na likawa halijulikani tena. Siku hizi wako wanaojaza chuma kwa leza na kuchonga kingo upya, wengine kwa ustadi wa kutisha. Kasha la miaka 60 lisilo na hata mchubuko mmoja linahitaji maelezo.

Mwisho anabonyeza vitufe vya kipima muda. Kaliba 321 inaamriwa na gurudumu la nguzo, na kitufe chake kinaposhuka unahisi ukinzani mdogo ulio sawa, kisha kinaachia, wala hakisuasui. Mshale wa sekunde unaondoka bila kuruka. Unasimamishwa, unarudishwa, na lazima utue kwenye alama ya juu kabisa ya uso, si pembeni yake. Halafu anafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: anaiweka saa mezani, kipima muda kikiwa kimezimwa, na anautazama ule mshale mdogo wa kuhesabia masaa baada ya nusu saa. Ukiwa umetambaa, kuna breki ndani iliyolegea. Ni ugonjwa wa kawaida wa mashine hizi na unatibika, lakini matibabu ni pesa, na pesa hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye soko hili hata kibaya kinajiuza, tena kwa bei ya juu. Novemba 2021, mjini Geneva, mnada wa Phillips uliuza Speedmaster ya 1957, toleo la kwanza kabisa, CK2915-1, kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3. Uso wake mweusi ulionekana umebadilika kwa umri ukawa wa kahawia, hali ambayo wakusanyaji huililia. Iliyoinunua ilikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba saa ile iliunganishwa kwa vipande, vingi vyake halisi, na kwamba watu waliowahi kufanya kazi ndani ya Omega walihusika.

Wengi walichukua habari hiyo kama dalili kwamba ujuzi wa kukagua saa ni mazingaombwe. Mimi naisoma kinyume. Vipande vingi vilipokaguliwa kimoja kimoja vilisema kweli, kwa kuwa vilikuwa vya kweli. Uongo ulikuwa kwenye kukutana kwao, na hilo ndilo jicho la mzoefu linalolitafuta. Tena uongo huo haukudumu. Ulifichuliwa na watu waliorudi kuitazama saa polepole, bila kelele za mnada.

Kwa hiyo ukitaka kununua, omba picha ya mashine ikionyesha namba yake, picha ya ndani ya mfuniko, na picha ya uso iliyopigwa kwenye mwanga wa jua bila kioo kuakisi. Uliza nani aliifanyia sevisi, lini, na spea za zamani ziko wapi. Wenye saa waungwana huzihifadhi kwenye bahasha. Muuzaji akikwambia mfuniko haufunguki, au kwamba kuna mteja mwingine anasubiri saa ileile jioni hii, mwachie huyo mteja.