Uadimu na Thamani: Mbaraka Mwinshehe katika Kumbukumbu za Wapenzi wa Kasulu

Yapo mambo mawili ambayo wapenzi wa muziki aghalabu huyachanganya, nayo ni uadimu wa kitu na thamani yake. Wapenzi wa mwanamuziki aliyefariki wanapokutana, mmoja hutoa santuri iliyochakaa, wa pili kanda iliyonaswa kutoka redioni, na wa tatu asiye na santuri wala kanda hutoa kisa. Hapo huanza mashindano ya kimya: nani anacho ambacho mwenzake hana? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mashindano hayo, ingawa yana raha yake, hupotosha kazi ya kukumbuka. Hazina ya mpenzi wa muziki haipimwi kwa uchache wake tu, bali kwa jinsi inavyotusaidia kuuelewa wimbo na watu walioupenda. Mfano wetu ni marehemu Mbaraka Mwinshehe, na mahali tutakapomtazamia ni Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma.

Kwa ufupi, Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, akakulia Morogoro, mji ambao ulikwisha kuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, na mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waliokwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha nchi katika Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 aliiacha bendi hiyo akaunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, hata miaka 35 hajatimiza. Taifa wakati huo lilikuwa vitani dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Msiba wa mpiga gitaa ukawafikia watu waliokuwa wakitega masikio redioni kwa habari za mapigano.

Huenda msomaji akauliza: Kasulu na Morogoro wapi na wapi? Jibu limo katika historia ya jasho. Tangu enzi za ukoloni, Buha ilifanywa kuwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge. SILABU, chombo cha wenye mashamba kilichoundwa mwaka 1944, kiliwaandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo na kuwapeleka Tanga, Kilosa, Kimamba na Ngerengere. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alihesabiwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa jina. Walishuka kutoka milimani hadi reli ya kati, wakasafiri siku nyingi, wakakata mkonge kwa kipande. Wapo walioupata Uswahili wao huko, na wapo waliousikia muziki wa dansi kwa mara ya kwanza huko. Bei ya mkonge ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1960, mashamba yalipunguza watu, nao wengi wakarudi makwao. Waliorudi hawakurudi mikono mitupu. Kwa hiyo gitaa la Mbaraka lilipoanza kuvuma redioni, Kasulu ilikuwa na masikio yaliyokwisha kuifahamu Morogoro, vumbi lake na usiku wake wa Jumamosi. Mzee wa Kasulu anaposema kwamba Mbaraka ni wake, hadai cha mtu.

Tuziangalie sasa hazina hizo moja moja.

Kwanza ni santuri. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuzitengenezea, zilitoka Nairobi. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukakaa hivyo hadi mwaka 1983. Ndiyo kusema kwamba wakati kampuni za Kenya zilipokuwa zikiuza nyimbo za mwisho za Mbaraka, njia ya halali ya kuzifikisha Kasulu ilikuwa imezibwa. Baadaye zilitolewa santuri kubwa za mfululizo wa Ukumbusho, na hizo nazo zilikuwa mali ya wachache. Basi uadimu wa santuri hizi huku nyanda za juu haukutokana na watu kutozipenda, bali na siasa na biashara. Anayejivunia kuwa nayo, na ajue kwamba ameshika mkononi kipande cha historia ya mpaka.

Santuri ndogo ina somo lingine. Upande wake mmoja huchukua dakika chache tu, na ilikuwa kawaida kuukata wimbo vipande viwili: maneno upande wa kwanza, na chemko, yaani ile sehemu ambapo magitaa hupamba moto, upande wa pili. Msikilizaji wa santuri alilazimika kuinuka na kuigeuza. Ukumbini wimbo haukukatika hata kidogo. Mbaraka aliwatoa watu taratibu kutoka kwenye kisa hadi kwenye mchezo bila mshono kuonekana. Mwenye santuri peke yake anamjua Mbaraka aliyekatwa katikati, na akikosa aliyekuwapo ukumbini wa kumsimulia, atadhani ndivyo muziki ule ulivyotungwa.

Pili ni kanda za redio. Bendi zetu zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kutangazwa, si kwa ajili ya kuuzwa. Mpenzi wa Kasulu aliyetaka wimbo uwe wake aliusubiri, akasogeza kinasa sauti karibu na spika, akaomba watoto wasipige kelele. Kanda za namna hiyo zina kasoro tele: wimbi linapanda na kushuka, mtangazaji anaingilia kabla ya gitaa kumaliza, jogoo anawika nyuma ya nyumba. Mkusanyaji wa kisasa huzidharau. Sisi tunaona kwamba, kwa mhakiki, zina thamani kuliko nakala iliyosafishwa. Zinatuambia wimbo ulisikilizwa wapi, baada ya tangazo gani, na ukafuatiwa na salamu za nani kwenda kwa nani. Nakala safi huuhifadhi wimbo. Kanda ya redio humhifadhi na msikilizaji wake.

Tatu ni masimulizi, na hapa yatupasa kuwa wakali kidogo. Wapenzi wengi, ukiwauliza juu ya Mbaraka, huanzia kwenye kifo. Watakwambia kwamba alikitabiri, kwamba wimbo fulani ulikuwa wasia, kwamba yapo yaliyofichwa. Visa hivi huongezeka kila vinaposimuliwa, wala havina ushahidi. Hatuwalaumu wasimuliaji, maana mtu akifa kijana, moyo hutafuta maana. Lakini visa vya kifo vikizidi hufunika kazi ya uhai. Tumewasikiliza watu wakibishana muda mrefu juu ya ajali ile, na hakuna aliyekumbuka nani alipiga besi.

Masimulizi yenye thamani ni yale yanayotueleza watu waliufanyia nini wimbo. Chukua “Jogoo la Shamba”. Methali iliyoupa jina inafahamika: jogoo la shamba haliwiki mjini. Kwa mtu wa mjini, ni methali ya kumcheka mshamba. Kwa mtu wa Kasulu aliyepelekwa mashambani kwa namba, akadhihakiwa kwa lafudhi yake na kabila lake, kicheko hicho kina uchungu. Jina ni lilelile, gitaa ni lilelile, lakini wimbo umebadilika kwa kubadilika sikio. Jambo hilo halimo katika santuri yoyote, hata iliyo adimu namna gani. Limo katika kumbukumbu ya mzee, naye akiondoka, limeondoka.

Au chukua “Dr. Kleruu”, wimbo unaomhusu Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa Ismani siku ya Krismasi mwaka 1971, katika mvutano uliozunguka kilimo cha ujamaa. Leo wimbo huo hupita kutoka simu hadi simu, na kijana anayeucheza huenda asijue kwamba lile ni jina la mtu aliyekuwa hai. Wakati wimbo huo ulipokuwa mpya, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kuhamishiwa watu katika vijiji. Msikilizaji wa Kasulu aliyekuwa akiiacha migomba yake na makaburi ya wazee wake hakuweza kuusikia kama alivyousikia mwenzake wa Dar es Salaam. Huenda aliuhuzunikia msiba na wakati huohuo akayawaza ya kwake. Historia ya kweli ya wimbo ule haina budi kuwa na wasikilizaji wote wawili. Aliyehifadhi sauti tu, amehifadhi nusu.

Lipo pia jambo la sanaa yenyewe. Buha ina inanga, chombo cha nyuzi kinachofahamika pia kwa jirani zetu wa Burundi, ambacho mpigaji wake huimba kwa sauti ya chini huku nyuzi zikiyajibu maneno yake. Mtu aliyelelewa na inanga hahitaji kufundishwa namna ya kulisikiliza gitaa la solo la Mbaraka. Anajua kwamba nyuzi husema, na kwamba mpigaji hodari huacha neno lingine limaliziwe na kidole. Ndiyo maana tunasita kukubali ile hoja ya zamani kwamba dansi ni mgeni na ngoma peke yake ndiyo mwenyeji. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni, alikuwa na haki ya kulalamika kwamba vijana walijua rumba na chachacha huku wakiziona aibu ngoma za kwao. Lakini watu wa nchi hii hawakuipokea rumba wakaiacha kama ilivyokuja. Waliitia Kiswahili, wakaitia methali na matanga, na katika pembe kama Kasulu wakaisikiliza kwa sikio la inanga. Mgeni aliyekaa hivyo amekwisha kuwa ndugu.

Twaziita nyimbo hizi zilipendwa. Neno ni zuri, ila lina hatari ya kulifungia pendo katika wakati uliopita, na mara nyingi hutumika kuwasimanga vijana kwamba hawana muziki. Wapenzi wa Kasulu hawahitaji kuwasimanga vijana. Wanahitaji kuwakalisha na kuwaeleza. Mwenye santuri na ainakili. Mwenye kanda asiifute sauti ya mtangazaji, bali aandike juu ya jalada mwaka anaoukumbuka na kijiji alichokuwa. Mwenye kisa na atenganishe aliyoyaona na aliyoyasikia. Majina ya waliopiga besi, ridhimu, saksafoni na tumba yaandikwe pamoja na jina la kiongozi wao, kwa kuwa hakuna mtu mmoja aliyewahi kuwa bendi.

Kazi hii haingoji. Reli iliyowachukua manamba ingalipo, lakini waliosafiri nayo wanapungua kila mwaka. Santuri iliyofichwa kabatini itawangoja warithi. Mzee anayejua kwa nini “Jogoo la Shamba” ilimnyamazisha hatawangoja.