Mwenye Macho Huambiwa Tazama: Darwin na Uandishi wa Uwandani

Muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa jiolojia anayesoma Kiswahili kama somo la hiari aliniletea insha ya kurasa nne. Ilihusu siku kumi ambazo yeye na wenzake walikaa uwandani chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Insha ilichangamka. Mlikuwamo mvua iliyong'oa hema usiku, basi lililokwama kwenye matope, na viboko waliokoroma karibu na kambi. Nilicheka, nikasahihisha upatanisho wa kisarufi hapa na pale, nikampa alama nzuri. Alipokuja kuchukua karatasi yake nilimwuliza, "Na mawe mliyoyaendea je?" Akajibu bila kusita, "Mwalimu, hayo yamo kwenye ripoti ya Kiingereza."

Jibu hilo lilinikera, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi nimefundisha insha ya masimulizi kana kwamba ni ghala la vituko. Elimu tumeikabidhi lugha nyingine, Kiswahili tumekiachia matope na viboko. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liliporidhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, tumejadili sana idadi ya walimu na vitabu. Swali la lugha hiyo itabeba nini tumelijadili kwa nadra.

Ndiyo maana katika makala haya nimekusudia kuhakiki kitabu ambacho kituko na elimu vinakaa ukurasa mmoja: masimulizi ya Charles Darwin kuhusu safari yake katika merikebu ya Beagle, yaliyochapishwa mwaka 1839 na kutolewa tena, yakiwa yamerekebishwa, mwaka 1845. Wengi wetu tunamfahamu Darwin kwa nadharia ya mageuko ya viumbe. Lakini kijana aliyeondoka Uingereza Desemba 1831, akiwa na umri wa miaka 22, alijiona kwanza kuwa mwanafunzi wa miamba. Agosti ya mwaka huo alikuwa amefuatana na Profesa Adam Sedgwick wa Cambridge katika milima ya kaskazini mwa Wales ili ajifunze kusoma matabaka. Melini alisoma juzuu ya kwanza ya kitabu cha Charles Lyell kuhusu misingi ya jiolojia. Aliporejea Oktoba 1836, maandishi yake ya jiolojia yalizidi kurasa 1,300, zaidi ya mara tatu ya yale ya wanyama.

Sifa ya kwanza ya masimulizi haya ni kwamba kituko hakisimuliwi kwa ajili ya kuchekesha tu. Chukua mfano wa safari ya kuvuka milima ya Andes, Machi 1835. Darwin alikuwa na wenzake wawili, nyumbu kumi na farasi jike aliyewaongoza. Usiku mmoja, juu sana mlimani, viazi vilikaa motoni hadi asubuhi, vikachemshwa tena, visiive. Wenzake wakajadiliana na kuamua kwamba kosa ni la chungu: kilikuwa kipya, nacho kimekataa kupika viazi. Msomaji anacheka, kisha anaelezwa: huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufikia joto la kuivisha. Ukiiondoa njaa ya wasafiri, maelezo hayo yanabaki somo la darasani. Ukiyaondoa maelezo, njaa inabaki lalamiko tu.

Hali kadhalika kuhusu kukosa pumzi, hali ambayo wenyeji waliiita puna. Darwin anasimulia jinsi kifua kilivyombana alipokaribia kilele, kisha anakiri kwamba alipoona visukuku vya kome wa baharini katika miamba ya huko juu, aliisahau puna kabisa. Wanyama waliotambaa chini ya bahari sasa wako karibu futi 14,000 juu yake! Furaha hiyo inatueleza uzito wa ugunduzi kuliko kivumishi chochote.

Sifa ya pili ni mpangilio. Darwin humpa msomaji kile kilichoonekana kabla ya kile kinachofahamika. Tarehe 20 Februari 1835 alikuwa amejinyoosha msituni karibu na Valdivia, nchini Chile, ardhi ilipotetemeka kwa takriban dakika mbili. Anaanza na mwili: kizunguzungu, na mashaka juu ya ardhi ambayo siku zote tumeiamini kuwa imara. Majuma mawili baadaye anaufikia mji wa Concepción na kukuta magofu. Kisha anatupeleka kwenye kisiwa cha Santa María, ambako nahodha FitzRoy alikuta kome waliooza wakiwa bado wameng'ang'ania miamba, futi 10 juu ya alama ya maji kujaa. Hapo ndipo anapotuonyesha maana yake: nchi imeinuka, na milima mirefu huenda iliinuka vivyo hivyo, kidogo kidogo. Tunalifikia wazo kwa miguu yetu wenyewe.

Hata hivyo, uhakiki hauwi uhakiki kwa sifa peke yake. Jicho lililovumilia mbele ya jiwe lilikuwa na haraka mbele ya binadamu. Katika msafara wa Andes, Mariano Gonzales ametajwa kwa jina. Mchunga nyumbu, ambaye maisha ya wote yalikuwa mikononi mwake, anatajwa kwa kazi yake tu. Doa kubwa zaidi liko Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika. Darwin aliandika kwamba lugha ya watu aliowakuta huko haikustahili hata kuitwa lugha yenye matamshi. Aliandika hivyo ingawa melini alikuwa amesafiri karibu mwaka mzima na Jemmy Button, Myaghan wa nchi hiyohiyo aliyekuwa amejifunza Kiingereza. Baadaye Mwingereza Thomas Bridges, aliyeishi na Wayaghan kwa miaka mingi, alikusanya kamusi ya lugha yao yenye maneno zaidi ya 30,000. Sisi walimu wa lugha tusilipite jambo hili kimya. Darwin alikuwa amefunzwa kutazama miamba. Kusikiliza watu hakufunzwa.

Tena hata jicho lenyewe lilikuwa na mipaka, na hapa Darwin anastahili heshima kwa kukiri. Katika ile safari ya Wales ya 1831, yeye na Sedgwick walikaa saa nyingi katika bonde la Cwm Idwal wakitafuta visukuku. Walizungukwa na miamba iliyokwaruzwa na mawe makubwa yaliyoachwa na barafu ya kale, wasione chochote. Aliporudi huko mwaka 1842, baada ya wanasayansi kueleza kazi ya barafu, dalili zilikuwa wazi kwake kama za nyumba iliyoungua moto. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Cwm Idwal inatufunza kwamba wakati mwingine huambiwa, na asipoambiwa hupita.

Huenda mtu akauliza: je, Darwin hakuwa na ripoti zake za kitaalamu? Alikuwa nazo. Alichapisha vitabu vitatu vya jiolojia kati ya 1842 na 1846. Lakini hakuona kwamba kwa sababu hiyo masimulizi yabaki bila mawe. Wala tusijitetee kwa uhaba wa istilahi. Tabaka, mwamba, kisukuku, tetemeko, mmomonyoko na bonde la ufa ni maneno tuliyo nayo, na watoto wa shule za msingi Tanzania wamesoma jiografia kwa Kiswahili kwa miongo mingi.

Nilimrudishia mwanafunzi wangu insha yake na sharti moja: kila kituko kilichobaki kimfikishe msomaji kwenye jambo lililoonekana. Alileta kurasa sita. Mvua iliyong'oa hema ndiyo pia iliyoosha ukingo wa barabara, na asubuhi wakaona matabaka ya jivu la volkano yamepangana. Akaeleza kwamba kreta za Katwe ni zao la volkano, ilhali Rwenzori iliyo jirani ni miamba mikongwe iliyoinuliwa pamoja na kupasuka kwa Bonde la Ufa. Mpishi wao akapata jina, na pia neno la Lukonzo alilowafundisha. Makosa ya upatanisho yaliongezeka, kwa kuwa sasa alikuwa na mengi ya kusema. Nilimwongezea alama.

Walimu wenzangu, wanafunzi wa sayansi wanaokuja madarasani mwetu wanajua mambo tusiyoyajua sisi. Tukiwaomba vituko tu, watatupa vituko. Safari hii tuwaulize habari za mawe.