Majina Manne ya Unyanyembe

Jumamosi alasiri mwalimu mmoja wa historia hukaa barazani kwake, hapa Tabora, kompyuta mpakato mezani, simu yenye bando pembeni, na katikati daftari kubwa la kaunta. Nimekaa naye mara nyingi, na kila mara kompyuta huwa ya mwisho kufunguliwa. Kwanza daftari. Huandika kwa sentensi moja jambo analolitafuta, kisha maswali matatu: nani aliliona kwa macho yake? Mwaka gani? Aliliandika kwa lugha gani? Maswali hayo yasipojibiwa, bando haliguswi.

Wafuga nyuki wa miombo yetu hufanya vivyo hivyo. Hatundiki mzinga mtu asiyejua maua yako wapi na yanachanua lini. Anayelijua pori hutundika mizinga michache, akarudi na asali.

Siku moja alikuja binti wa kidato cha tano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea swali gani?"

Alitaka kujua Unyanyembe, nchi hii yetu ya Tabora, ilionekanaje machoni mwa wageni wa zama za misafara. Alikwisha kutafuta mwenyewe kwa maneno "historia ya Tabora", akapata kurasa zinazonakiliana, zote zikirudia aya zile zile. Mwalimu hakumlaumu. Alimwuliza tu: "Hao wageni, mji huu waliuitaje?"

Hapo ndipo ufundi wake unapoanzia. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa tarehe 7 Novemba 1857, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aliuita mji Kazeh. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja mwaka 1871, katika kitabu chake akaandika Tabora. Vitabu vyote viwili vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na yeyote anaweza kuvisoma bure kwenye Internet Archive. Lakini anayebisha hodi kwa jina moja tu hufunguliwa mlango mmoja tu.

Mwalimu akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Kuna orodha humo, imeandikwa kwa wino wa rangi tofauti tofauti, kwa kuwa imekua miaka mingi. Unyanyembe. Unianyembe. Unjanjembe. Hilo la tatu ni la Wajerumani, ambao sauti yetu ya "y" huiandika kwa "j", na "z" yetu mara nyingi huiandika "s". Ndiyo maana Unyamwezi kwao ni Unjamwesi. Pembeni ameandika neno la ajabu zaidi: Unjamwefi. Hakuna mtu aliyewahi kuitamka nchi hii hivyo. Katika herufi za kale za Kijerumani, "s" ya katikati ya neno hufanana mno na "f", na mashine inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi hudanganyika. Mwalimu hutafuta hata kosa hilo, na kurasa zilizojificha nyuma yake hujitokeza.

Nilimtazama akifanya hivyo nikaelewa kwamba kazi hii haihitaji Kiingereza peke yake, kama wengi wanavyodhani. Inahitaji sikio la mwenyeji. Mtu wa mbali akiona Unjanjembe huona herufi tu. Mwenyeji hulisikia jina la kwao likitoka kinywani mwa mgeni.

Na Kiswahili kina hazina yake humo humo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, chenye simulizi ya Sleman bin Mwenye Tshande kuhusu safari yake ya bara. Ukijua masikio ya Wajerumani, utajua kwamba Tshande ni Chande. Habari za maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, alizozieleza mwenyewe, zilichapwa Berlin kwa Kiswahili mwaka 1902 na 1903. Baba yake aliishi hapa Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo Mwalimu hasomi Burton bila kumweka kando ya hawa. Mzungu aliyebebewa mizigo na mfanyabiashara wa pwani walipita njia ile ile, ila hawakuona vitu vile vile.

Hata shahidi mmoja humlinganisha na nafsi yake. Mmisionari Livingstone, aliyekaa Kwihara, jirani na hapa, mwaka 1872, mwaka mmoja kabla alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Karatasi na wino vilimwishia, akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la *The Standard* kwa wino wa mmea, nao ukafifia. Wataalamu waliipiga picha shajara hiyo kwa mianga ya namna mbalimbali, na tangu mwaka 2011 inasomeka bure mtandaoni. Kitabu cha mwaka 1874 kilichotokana na shajara zake kilipita mikononi mwa mhariri, Horace Waller. Mwalimu huviweka viwili hivyo bega kwa bega, akasoma polepole, akitafuta palipoachwa na palipolainishwa.

Jua lilikuwa linazama binti alipouliza: "Mwalimu, wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, walipita hapa mwaka 1878. Hao ni Wafaransa. Wao waliandikaje?"

Mwalimu hakujibu. Alimsogezea kompyuta.

Binti alifikiri, akilitamka jina kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Wafaransa, alisema, "u" yetu huiandika "ou". Akaandika Ounyanyembé. Kurasa zikafunguka, moja baada ya nyingine.

Ndipo Mwalimu akampa kalamu, akamfungulia daftari kwenye ukurasa ule wa kwanza. Chini ya majina matatu binti akaandika la nne, kwa mwandiko wake mwenyewe.