Mitungi kwenye foleni: Tunavyozisoma vibaya picha zisizo na watu

Ipo methali tunayoipenda sana: Asiyekuwepo na lake halipo. Nimeifundisha kwa zaidi ya miaka 30, na sikuwahi kuitilia shaka hadi mwanafunzi wangu mmoja aliponiletea picha ya mitungi ya maji.

Lilikuwa zoezi la kozi ya uhakiki. Niliwaambia wanafunzi wapige picha za vitu vya kawaida mitaani, kisha wazieleze kwa istilahi zile zile tunazotumia kuhakiki mashairi. Huyu, mzaliwa wa Makueni, alileta mbili. Moja aliipigia Wote, nyingine soko la Kalundu mjini Kitui. Zote kwa simu.

Picha ya Wote imepigwa asubuhi. Vivuli ni virefu, na udongo ni ule mwekundu wa Ukambani. Mitungi 13 ya lita 20 imepangwa mstari mmoja, kuanzia chini kushoto hadi juu kulia. Yote ni ya njano ila mmoja wa buluu. Mmoja umezibwa kwa gunzi la mahindi. Mwingine umefungwa utepe mwekundu shingoni, na mwingine umechorwa herufi mbili kwa msumari wa moto. Mstari unaishia kwenye bomba la kioski cha maji, na bomba limetiwa kufuli. Hakuna mtu hata mmoja.

(Neno mtungi, kwa asili, ni chombo cha udongo, plastiki imerithi jina tu. Wengine husema jerikeni, neno linalotokana na wanajeshi wa Uingereza waliomwita Mjerumani “Jerry” na kuiga makopo yake ya petroli wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.)

Pembeni mwa kazi hiyo niliandika kwa kalamu nyekundu: “Mpangilio mzuri, lakini picha haina uhai. Watu wako wapi?” Nikatoa alama 11 kwa 20.

Alikuja ofisini. “Prof, kwani hao si watu?” Akaanza kunitajia, mtungi kwa mtungi. Huu wa utepe ni wa mama muuza chai, ameenda kuwasha jiko. Huu wa gunzi ni wa nyanya mmoja anayekaa nyuma ya soko. Huu wa herufi ni wa kijana wa bodaboda. Kisha akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekipita bila kukiona. Kati ya mtungi wa 7 na wa 8 lipo jiwe. Ni la ukubwa wa mkate, na limekaa kwenye mstari kwa adabu kabisa.

“Ni la nani?” nikauliza.

“La mtu mwenye mtungi mmoja tu, na huo mmoja ameuacha nyumbani na maji kidogo ya kupikia. Ameshika nafasi kwa jiwe. Hakuna anayeliondoa.”

Mwanafunzi wa sekondari anaijua taashira: kitu kusimama kwa niaba ya kingine kinachohusiana nacho. Tukisema “Ikulu imetangaza”, hakuna anayedhani kuta zimefungua mdomo. Vivyo hivyo, kwenye foleni ya maji mtungi ni taashira ya mwenyewe, na mtaa mzima umeikubali sarufi hiyo. Hata jiwe linaruhusiwa kusimama badala ya mtungi ambao nao unasimama badala ya mtu! Mwenyewe hayupo, lakini lake lipo. Methali yangu ikapasuka pale pale ofisini.

Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake kuhusu picha kilichotoka mwaka 1980, alitenganisha mambo mawili: yale tunayoyatambua katika picha kwa sababu ya elimu na utamaduni wetu, na kile kijambo kidogo kinachotuchoma bila kutarajia. Katika picha hii, rangi ya njano ni la kwanza na jiwe ni la pili. Lakini mimi jiwe halikunichoma hadi nilipoambiwa. Jicho nalo, bwana, lina lugha yake ya mama. Asiyewahi kupanga foleni ya maji ataona kokoto iliyopotea njia.

Tuje kwenye utunzi wenyewe. Mwanafunzi alichuchumaa, akaishusha simu hadi kimo cha goti. Ukiipiga mitungi kutoka juu, inaonekana kama bidhaa ghalani. Ukiipiga kutoka chini, inasimama. Mmarekani William Eggleston alifanya hivyo kwa baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu: aliitazama kutoka karibu na ardhi, ikaonekana kubwa kuliko nyumba zilizo nyuma yake. Picha zake zilipoonyeshwa katika jumba la MoMA jijini New York mwaka 1976, baadhi ya wahakiki walizidharau kwamba ni za mambo ya kawaida mno. Nami, miaka yote hii baadaye, nilirudia kosa lao nikiwa nimekaa kitini.

Kingo za picha nazo zina maana yake. Miezi michache baadaye, shirika moja ambalo sitalitaja liliomba picha hiyo kwa ajili ya bango, likapewa. Likaikata upande wa kulia, kufuli likaenda. Maandishi yakalifunika jiwe. Ikabaki mitungi mitupu, udongo mkavu na neno moja kubwa: KIU.

Je, walidanganya? Kimsamiati, la. Kila kilichobaki kilikuwepo. Lakini kisarufi walimwondoa mtenda. Picha kamili inamfanya mtazamaji aulize: nani ana ufunguo, na atakuja saa ngapi? Hayo ni maswali ambayo mtu fulani anaweza kuyajibu. Bango linamfanya mtazamaji asikitike na kutazama mbinguni. Sisemi ukame si kweli. Kati ya mwisho wa 2020 na mapema 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kitui na Makueni ziliumia. Lakini ukame hauna kufuli.

Picha ya Kitui siisifu. Ni akala zilizotundikwa kibandani, nyeusi na nyeupe, zimepigwa kwa karibu mno. Vivuli vinapendeza. Tatizo ni kwamba akala hizo zinaweza kuwa popote, za yeyote. Hatuoni mkono uliozikata, wala tairi zilikotoka, wala ukuta wa soko. Ni kama shairi lenye vina na mizani lakini halina neno la kumwambia mtu. Nilimwambia hivyo, naye hakubisha.

Nilimuuliza pia kwa nini hakungoja wenye mitungi warudi. Akasema siku iliyotangulia alikuwa amewaomba akina mama, wakakataa: “Utatupiga picha tukiwa hivi, na leso za kazi?” Akawaheshimu. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kupiga, kwa picha, kwa hodi na kwa kofi. Huyu kijana alianza kwa hodi. Nilichokiona mimi kama ukosefu wa uhai kilikuwa heshima.

Nilibadilisha alama zikawa 16. Hazikufika 20 kwa sababu ya zile akala. Methali bado naifundisha, ila sasa naweka picha ya Wote ubaoni na kuwauliza wanafunzi kama wanakubaliana nayo.

Msomaji, ukipita Wote, Emali au Kitui asubuhi ukute mitungi imejipanga bila wenyewe, ihesabu vizuri. Na ukiona jiwe kwenye mstari, usilisogeze.